Ule Mwaka Yaya Bernadette Alikuwa Anakula Bulongo

Weye mwenye unasoma hii, ukae karibu. Sikuandikii kama mwalimu anaandikia mwanafunzi. Ninakuambia vile ninaambiaka mwenzangu wa shirika kisha sala, wakati bengine banakunja mikeka na siye tunabakia kidogo pa mulango, na neno inatoka mu moyo bila kuogopa. Mu huu mwezi tulimuzika Mama Ngoie. Kilio ilikuwa ku lupango yake, kiwanja ya nyumba, kule commune Kenya ya muji yetu, chini ya bâche, turubai ya bulu yenye ilishika moto ya jua yote na kuturudishia ku kichwa. Nilikaa pamoja na bamama ba kwaya. Nyuma yangu kulikuwa bijana babili, mumoya anauliza mwenzake huyu mama alikuwa nani, mwenzake anajibu bila ubaya: alikuwa mama mwenye kuuzisha bulongo ya kula ku soko, basi. Hakusema uongo. Lakini ile "basi" haikuniacha hata tulipoanza wimbo. Nilirudia ku nyumba na kutafuta kalamu. Mie si muntu wa vitabu. Nilisomaka masomo ya mangaribi tu, ku salle ya paroisse, ukumbi ya parokia, kisha kazi, na nilizalaka batoto nikiwa bado na madaftari. Ila hii ninaiyua, juu niliiona na macho yangu.

Ule mwaka nilikuwa na miaka kumi na kenda. Yaya yangu Bernadette, dada yangu mukubwa, alikuwa ameolewa na Banza, mwenye alikuwa sentinelle, mulinzi ku villa moya ya batajiri, quartier Golf, na mimba yake ya kwanza ilikuwa inamulemea. Njo nilienda kukaa kwabo, kumusaidia kuteka mayi, kufua, na kupika. Nyumba ilikuwa ya Mama Ngoie, mama ya Banza. Ilikuwa na byumba tatu yenye kufuatana kama mabehewa ya train. Ya mbele ilikuwa ya Mama Ngoie na mifuko yake ya bulongo. Ya nyuma ilikuwa ya Yaya na bwana yake. Ya katikati ilikuwa ya masufuria, ya mufuko ya makala, na yangu. Nyumba haikuwa na plafond, hakuna dari; bukuta ilipanda kidogo tu kupita kichwa ya muntu, kisha ilibakia hewa mpaka ku matôle, ile mabati ya juu. Neno yenye ilisemwa ku mbele ilipita juu yangu na kwenda ku nyuma, na ya nyuma ilirudia vilevile. Mie nililala pa katikati ya familia moya yenye haikukuwa inasikilizana, na nilisikia yote. Hata leo, nikiingia mu nyumba ya muntu, ninatazama kwanza bukuta inafika wapi.

Sasa nikuambie juu ya ile bulongo, ile udongo yenye bamama banakula. Kuko pemba, ile nyeupe yenye kila soko iko nayo. Ya Mama Ngoie haikuwa ile. Yake ilikuwa ya rangi ya majivu, ilitoka mu dembo, ile mabonde ya mayi-mayi yenye majani marefu, kule njia ya Lukafu. Bantu ba kinga, ile baiskeli, balimuletea mu mifuko, balisukuma kinga na jasho mpaka ku mulango. Mama Ngoie aliitwanga, aliichekecha, alitia mayi kidogo, na kuifinyanga mu kiganja mpaka kila kipande ilikuwa kama kidole ya muntu mukubwa. Aliianika juu ya tôle, kisha aliikausha polepole juu ya mbabula, ile jiko, makala kidogo sana, na alikaa pale kuigeuza kama muntu anageuza mikate. Ile harufu, mwenzangu. Ilikuwa harufu ya mvula ya kwanza inapiga vumbi. Bamama ba mimba balikuya toka mbali juu yake. Ilituliza roho, ilizuia kutapika, na balisema hakuna muntu mwingine ku soko mwenye kuyua kuifanya namna ile.

Yaya Bernadette aliipenda kupita bote. Na Mama Ngoie alimuchagulia ile ya muzuri, yenye haina mchanga, na kuiweka mu kikombe ya malata pembeni ya chai yake, kila asubui, na mukono yake mwenyewe. Usimuone mubaya, nakulomba. Hakuwa mama wa maneno ya kubembeleza. Hakuwahi kumuambia Yaya "ninakupenda". Kile kikombe njo kilikuwa kinasema. Basi kila asubui ilikuwa vile: Yaya anakunywa comprimé ya fer, kidonge ya chuma, yenye masista ba dispensaire balimupatia juu ya damu, anakunja uso juu ile dawa inaacha mu kinywa kama umelamba musumari, na palepale anauma bulongo kuondosha ladha. Mama Ngoie alimuangalia na kucheka kidogo.

"Kamata ingine, mwanangu. Ile chuma yabo haiyue mapishi."

Siye bote tulicheka. Ilikuwa saa ya furaha ya ile nyumba, na haikukuwa na zingine mingi.

Juu damu ya Yaya ilikuwa inashuka. Mwanzo Sœur, sista wa dispensaire, hakuogopa sana, alimuongezea dawa. Walipopima tena, ilikuwa imeshuka zaidi. Viganja yake ilikuwa nyeupe kama ya muntu mwenye amefua siku nzima. Alikuwa anaanza kufagia lupango, anafika pa katikati, anakaa chini na fagio juu ya magoti, anasema anapumzika tu. Mie nilimaliza kufagia na kujifanya sikuona. Sœur aliangalia ndani ya kope yake na kumuuliza, mbele yangu, kama kweli anakunywa dawa. Yaya alisema ndiyo. Sœur aliandika kitu bila kumuangalia, na niliona hakusadiki. Kwa kurudi tulitembea polepole ku kivuli ya bukuta, na Yaya akaniambia neno moya tu: "Vero, hata weye haunisadiki?" Nilimujibu mie ninaonaka akikunywa kila asubui. Ilikuwa kweli. Lakini mie nilikuwa mudogo wake, na neno ya mudogo wake haina kilo mbele ya bamukwe.

Siku moya mangaribi, kabla ya chakula, Mama Ngoie alimuita Banza mu chumba yake. Balisema na sauti ya chini, lakini nimekuambia bukuta ilikuwa namna gani. Mama alisema bibi yake, Bernadette, anatupa dawa. Banza alibisha kidogo. Mama alisema tena: Marie naye alikuwa anasema vilevile, ninakunywa, mama, ninakunywa, na damu ilikwisha mu mwili siku ya kuzala. Marie alikuwa mutoto mwanamuke mumoya tu wa Mama Ngoie. Foto yake ilikuwa ku bukuta ya mbele, na robe nyeupe ya confirmation, ya kipaimara, na mu ile nyumba hakuna mwenye alitaja jina yake. Ile siku njo niliyua sababu. Mama Ngoie alisadiki Marie alikuwa anatupa comprimés mu choo juu ya ile ladha, na kumudanganya mama yake mpaka mwisho. Alikuwa amemukasirikia akiwa muzima, na hakupata nafasi ya kuacha kukasirika. Akamuambia Banza: "Sitaangalia mwingine anakufa mu nyumba yangu na uongo mu kinywa." Banza akasema, Pasaka ikipita, kuko camion, lori ya mufanya biashara mumoya, yenye inapeleka chumvi kule Mitwaba. Bernadette atapanda mule, arudie kwabo, azalie mu mikono ya benyewe.

Weye unayua njia ya Mitwaba mu mvula. Camion inalala mu matope, bantu banakata miti ya kutia chini ya magurudumu, banangojea. Muntu wa muzima anashuka pale na mugongo ya kuvunjika. Yaya, na damu ile, na tumbo ile, hakukuwa wa kufika. Upande ingine ya bukuta, ku chumba ya nyuma, nilisikia Yaya ameamuka na anasikiliza naye. Hakulia. Alianza rozari, na mie nilimuitikia toka ku chumba yangu, yeye ku yake, bila kuonana, mpaka ku mwisho.

Masomo yangu yalikuwa ku salle ya paroisse, saa ya mangaribi, wakati bantu banatoka kazi. Tulikuwa bamama mingi na baba wachache, bamoya na batoto ku mugongo. Maître Kazadi alitufundisha calcul, hesabu, na siku ya ine, Alhamisi, sayansi kidogo. Alikuwa muzee mufupi mwenye alitumikaka zamani mu laboratoire, maabara ya kampuni moya ya mukuba, ya shaba, na alipenda kuleta bintu mu mufuko ya koti. Ile juma alileta mawe yenye kung'aa, mika, yenye alisema ilitokaka upande ya Mitwaba. Alitupatia kila mumoya kipande. Alituambia tutie kucha pembeni na kuvuta. Ikatoka karatasi. Karatasi ya mawe, nyembamba, unaona vidole yako nyuma yake. Tulivuta na kuvuta, na kila karatasi ilikuwa na ingine chini yake. Mama mumoya nyuma akasema jiwe hii inavua nguo kama bibi-arusi, hatutafika ku mwili, na salle yote ilicheka, na Maître naye.

Kisha akauliza nini inashika karatasi na karatasi. Tulisema gundi. Alisema karibu vile: pa katikati ya karatasi kuko bintu kidogo sana, jicho haione, yenye kushika huku na huku, na mu mika inashika nguvu mpaka mayi haipate mulango. Bulongo naye, alisema, ni karatasi juu ya karatasi, lakini kidogo, kidogo kupita vumbi. Ile pemba nyeupe, karatasi zake zimeshikana mukono, hakuna nafasi kubwa. Lakini bulongo ya dembo iko tofauti. Pa katikati yake iko wazi. Mayi inaingia, inapanua, njo sababu nyumba za karibu na dembo zinapasuka mu mvula na kupasuka tena mu jua. Na kitu yenye inakuya mu mayi, akasema, ikipata nafasi pale katikati, inakaa. Inasukuma yenye ilikuwa pale na kukamata kiti yake.

Alitoa chupa ya mayi ya bulu, bulu ya muzuri sana, kama kitenge. Alisema bulu ile ni mukuba. Akatia bulongo mingi ya dembo, ile ya rangi ya majivu, alitikisa, na kuweka chupa pa dirisha. Tulifanya calcul ya pourcentage. Mie sikufanya vizuri, juu macho yangu ilikuwa pa dirisha. Tulipomaliza, bulongo ilikuwa imeshuka chini, na mayi ya juu ilikuwa nyeupe kama ya mvula. Maître aliinyanyua mbele yetu na kuuliza bulu iko wapi. Akasema: "Haikukufa. Iko pa katikati."

Nilinyanyua kidole, nikauliza kama bulongo inashika na fer, ile chuma. Alisema fer, bulongo inaipenda sana. Nikauliza: na mu tumbo ya muntu? Hapo aliweka chupa chini. Ninamuheshimu mpaka leo juu ya yenye alinijibu.

"Mu tumbo mie siko docteur, mama. Lakini mayi iko pale, na bulongo ukiitia iko pale, na fer ukiimeza iko pale. Uende kuuliza Sœur. Usingojee juma ingine."

Sikungojea. Asubui, mbele ya kuteka mayi, nilikuwa pa mulango ya dispensaire. Nilimueleza Sœur yote, kikombe, comprimé, kuuma palepale. Alikaa juu ya kiti. Aliniambia anamuulizaka kila mama wa mimba anakula nini, na banamujibu bukari, sombe, samaki, lengalenga, na yeye anaandika. Na kweli Yaya alimujibu vile. Mu kichwa yetu bulongo haikukuwa chakula, basi hakuna mwenye aliitaja. Sœur alisema kuko bulongo yenye inazuia fer kuingia mu damu, alisomaka vile, lakini hakufikiri juu ya huyu mugonjwa, juu hakuna aliyemuambia. Alisema Yaya aache bulongo yote, aendelee dawa, bampime tena. Halafu akasema, na sauti ingine, nimuombee musamaha ku dada yangu mpaka yeye mwenyewe atamuona.

Ile midi, saa ya muchana, tulikuwa pa meza bote mu chumba ya katikati, juu Banza alikuwa na siku ya kupumzika. Kulikuwa bukari, ile ugali, na sombe yenye nilipikaka na mafuta ya ngazi, ile mawese, na mukebe moya ya sardine tuligawana. Nilinawisha kila muntu mikono. Nilingoja Mama Ngoie akate bukari ya kwanza, kisha nikasema. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, mika, chupa, bulu, Sœur. Niliona Banza anaacha kutafuna. Mama Ngoie aliendelea kula, kipande na kipande, mpaka nilifika mwisho. Kisha alipangusa vidole.

"Kwa hiyo masomo yako ya mangaribi inafundisha kama bulongo yangu inakunywa damu ya bantu. Mie njo mulozi."

Nilisema hapana, Mama, bulongo haikunywi damu, inashika ile chuma mbele haijafika mu damu. Alisema bamama ba soko balikula bulongo mbele mie kuzaliwa, na mama yake naye, na yeye mwenyewe mu mimba ya Banza. Alisema kuku anataka kumufundisha mama yake kutaga. Banza alianza kunigombeza, nani alinituma kwenda kwa Sœur kusema mambo ya nyumba. Na pale Yaya Bernadette, mwenye hakuwahi kusema kitu mbele ya mukwe wake toka siku ya harusi, aliweka mikono yake juu ya meza, viganja juu, ile viganja nyeupe.

"Mama, sijatupa hata moya. Mungu ananiona. Ile yote nilikunywa, na juu yake nilikula yenye ulinipatia."

Mama Ngoie aliangalia ile mikono. Niliona macho yake inatoka ku mikono, inapanda, inapita juu ya kichwa ya Yaya mpaka ku bukuta ya chumba yake, yenye foto iko nyuma yake. Alinyanyuka, alikamata kile kikombe cha malata, alimwanga bulongo yake inje ku mulango, na aliingia mu chumba yake. Bukari yake ilibakia pa sahani, na alama ya vidole ndani.

Mangaribi, wakati nilikamata daftari yangu kwenda ku masomo, nilikuta Mama Ngoie pa njia amevaa kitenge ya messe, ile ya misa. Alisema tu: twende. Mu salle alikaa ku benchi ya nyuma, mikono juu ya magoti, na alisikiliza calcul yote kama muntu anasikiliza mahubiri. Mwisho, wakati bengine balianza kutoka, alienda mbele. Nilimufuata juu niliogopa anaenda kugombana. Alimuita Maître "Baba", na alimuuliza na sauti ya kawaida, sawa vile ku soko. Alisema alikuwa na mutoto mwanamuke. Alisema huyu mutoto alikunywa dawa ya fer, na yeye, mama yake, alimupatia bulongo ya dembo na mukono yake, asubui na asubui, juu hakutaka aone ubaya wa ile ladha. Kisha mutoto alikufa juu ya damu. "Ninataka uniambie. Ni mie?"

Maître Kazadi alivua miwani. Nilitamani aseme hapana haraka, sawa vile mie ningesema. Alimuletea kiti kwanza, naye alikaa ku ingine mbele yake. Alimuambia yeye anayua bulongo, hayue Marie. Alisema bintu mingi inamaliza damu ya mwanamuke, malaria, minyoo, njala, kuzala kwenyewe, na leo hakuna muntu wa kuitenganisha. Alisema labda bulongo ilisaidia kumaliza, hataficha ile. Lakini bulongo haina macho, na yeye Mama hakukuwa na macho ya kuona mule ndani, hata masista hawakukuwa nayo. Mama Ngoie aliitika kila neno na kichwa. Mie nilikuwa nimesimama pale na daftari mukononi na nilitubia mu moyo, si juu ya kusema, lakini juu ya kile kweli inaweza kumufanyia muntu.

Kisha Mama Ngoie akasema, na hakumuambia Maître, hakuniambia mie:

"Basi Marie hakunidanganya."

Alisema tena, polepole, kama muntu anayesoma. "Alikunywa. Mutoto wangu alikunywa." Na pale njo alilia. Bamama benye balikuwa bado ku mulango balirudia, balikaa chini kumuzunguka, hakuna mwenye aliuliza nini. Mutoto wa mumoya mugongoni alianza kulia naye, na mama yake hakumunyamazisha. Nimefikiri mingi juu ya ile saa, sasa nikiwa na batoto bangu bane. Miaka yote alikuwa amebeba kifo ya mutoto pamoja na uongo ya mutoto. Ile jioni balimuongezea muzigo moya, labda mukono yake mwenyewe ilikuwa mule, na balimutolea ingine. Siyui gani ilikuwa nzito. Ninayua tu kama tuliporudia ku nyumba alisimama mbele ya foto na kuisalimia na jina, Marie, mwanangu, na toka ile siku ile jina ilisemwa mu nyumba yetu kama jina ya muntu wa kwetu.

Camion ya Mitwaba ilienda bila Yaya. Mama Ngoie mwenyewe alimuambia Banza, na hakumueleza mingi; alisema bibi yako anazalia hapa, na mwenye atasema anatupa dawa atapanda ile camion yeye mwenyewe. Haikukuwa pepesi. Yaya alililia bulongo sawa mutoto anayeachishwa ziwa. Mvula za mwisho zilipopiga, alienda kusimama karibu na bukuta ya inje, pua juu ya matofali, na Banza alimuvuta na mukono anamuambia bantu ba njia banaangalia, watasema nimeoa mbuzi. Mama Ngoie alimupikia maharagi na sombe, alimukatia limau ya kunusa. Bulongo yake aliitoa mu nyumba na kuiweka kwa jirani. Damu ilipanda polepole, polepole sana, sawa mayi mu robinet, ile bomba ya cité. Siku ya kuzala damu ilikuwa bado kidogo kupita vile Sœur alitaka. Balimupeleka ku hôpital, balimutia chupa moya ya damu, na damu ile ilikuwa ya Banza, mwenye alikuwa anaogopa sindano kupita batoto. Mutoto alikuwa mwanamuke, kidogo, alilia kwa sauti ya paka. Balimuita Marie. Yaya alibakia muzima. Ninashukuru Mungu, na ninaandika ile neno bila kuongeza kitu.

Mama Ngoie hakuacha soko. Bengine balitaka nikuambie aliacha, ingekuwa hadisi ya kanisa. Hakukuwa na bwana, hakukuwa na kazi ingine, na bamama balimutafuta. Lakini nilikuwa pale, siku moya nimebeba Marie kidogo mu mugongo, kibinti kimoya cha mimba kikakuya na kuchagua bipande. Mama Ngoie alimuuliza kama anakunywa dawa ya damu. Alisema ndiyo. Mama Ngoie alimukamata bipande mu mukono, kimoya kimoya, na kurudisha mu beseni yake. Alimuambia siuzishii weye. Uende kumuambia Sœur unakulaka hii, kisha ukisha kuzala, ukuye, nitakupatia ya bure. Kibinti alikasirika. Bamama bengine benye kuuzisha bulongo balianza kumucheka: Ma' Ngoie, uvae basi ile robe nyeupe ya infirmière, siye tutakushikia meza. Mumoya akamuita Docteur Bulongo, na ile jina ilimufuata miaka. Mama Ngoie alipangusa vumbi mu beseni, alinilomba mutoto, alimuweka pa magoti yake, na akaendelea kuita bantu.

Sasa yeye hayuko, na ku beseni yake hakuna mwenye kuuliza. Njo nakulomba weye, mwenzangu, upeleke hii neno kwengine. Haihitaji kusema jina yangu. Ukimuona mama wa mimba, ku soko, ku messe, mu lupango yenu, umuulize pole kama anakula bulongo. Usimucheke, akiona unacheka atasema hapana. Umuambie aende kusema ku dispensaire, juu infirmière, muuguzi wa pale, hawezi kuona kitu yenye hatukumuambia. Na uambie na mama mukwe wake, na bwana yake, usiambie yeye tu, juu hatembee peke yake mu ile nyumba. Na kama banakuambia huyu anatupa dawa, huyu ni muongo, umuangalie mikono kwanza, na umusadiki.